Vimulimuli vya Ghafla Machoni: Dalili Isiyouma, Isiyopaswa Kusubiri

Maradhi mengi hujitangaza kwa maumivu. Jino likioza huuma, mfupa ukivunjika huuma, na mtu hukimbilia tiba kwa sababu hawezi kuvumilia. Mpasuko wa retina ya jicho haufuati kanuni hiyo. Jicho haliumi, haliwi jekundu, halitoi tongo, na anayemtazama mgonjwa haoni kasoro yoyote. Mgonjwa mwenyewe ndiye huona, kwa ghafla, vimulimuli vya mwanga pembeni mwa jicho moja, au vidoa vyeusi vinavyoelea mbele yake mfano wa nzi, nyuzi au utando wa buibui. Kwa kuwa hakuna maumivu, husubiri mnada upite, mavuno yaingie au fedha zipatikane. Katika kusubiri huko ndipo jicho hupotea.

Makala haya yanawaeleza wakazi wa Kata ya Saza maana ya dalili hizo, namna ya kuzitambua, na hatua za kuchukua kuanzia nyumbani hadi hospitali. Jambo kuu la kukumbuka ni moja: mpasuko mdogo huzibwa kwa tiba fupi, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ukiachwa, retina hubanduka, na hapo huhitajika upasuaji mkubwa katika hospitali chache nchini, mbali sana na Songwe. Kila siku ya kuchelewa huweza kuirefusha safari ya matibabu.

Kinachotokea ndani ya jicho

Retina ni utando mwembamba sana uliotandikwa nyuma ya jicho kwa ndani. Hupokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo kwa njia ya mshipa wa fahamu. Nafasi iliyo kati ya lenzi na retina imejaa ute mzito unaong'aa, wenye ujazo wa takribani mililita 4, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai. Karibu ute wote huo ni maji, lakini umeshikamana na retina kwa nyuzi ndogo mno.

Kadiri umri unavyosogea, hasa baada ya miaka 50, ute huo hulainika, husinyaa na hatimaye huachana na retina. Hilo ni badiliko la kawaida la uzee, kama mvi. Wakati wa kuachana, ute huivuta retina. Retina haina uwezo wa kuhisi maumivu. Ikivutwa hutafsiri mvuto huo kuwa mwanga. Ndiyo sababu mgonjwa huona vimulimuli hata akiwa gizani na macho yamefumbwa. Vidoa vinavyoelea ni vivuli vya chembe za ute ulioachana, au vya damu iliyovuja kutoka kwenye mshipa mdogo uliochanika.

Kwa watu wengi ute huachana bila madhara, na vidoa hupungua baada ya wiki au miezi. Hata hivyo, tafiti za kitabibu zinaonyesha kuwa miongoni mwa wanaofika hospitalini wakiwa na dalili mpya za aina hii, takribani mmoja kati ya saba hukutwa na retina iliyochanika. Mpasuko ukishapatikana, majimaji hupenya chini ya retina na kuibandua, kama maji yanavyopenya nyuma ya lipu ya ukuta yenye ufa. Sehemu ya retina iliyobanduka hukosa lishe kutoka kwenye mishipa ya damu iliyo nyuma yake, mfano wa mche ulioinuliwa kutoka udongoni. Ikirudishwa mapema hupona, ikiachwa hukauka.

Hapana mtu, awe mgonjwa, jirani au mwuza dawa, awezaye kutofautisha kwa kukisia kati ya ute ulioachana salama na ute ulioacha mpasuko. Dalili zake hufanana. Hubainika tu pale mtaalamu anapoitazama retina yote kwa kifaa maalumu.

Dalili zinazohitaji hatua siku hiyo hiyo

Mwananchi anashauriwa kutafuta huduma siku ile ile anapoona mojawapo ya dalili zifuatazo:

Kwanza, vimulimuli vipya vya mwanga katika jicho moja, mfano wa radi ya mbali, vinavyoonekana zaidi gizani au jicho linapogeuzwa haraka.

Pili, vidoa vingi vipya vinavyoelea. Vikitokea mfano wa mvua ya masizi au moshi mweusi, huenda damu imevuja ndani ya jicho.

Tatu, kivuli au pazia jeusi linaloanza pembeni, juu au chini, na kusogea kuelekea katikati. Hii ni dalili kwamba huenda retina imekwisha anza kubanduka.

Nne, uoni wa jicho moja kupungua ghafla, au vitu vilivyonyooka, kama fremu ya mlango, kuonekana vimepinda.

Mtu aliyezoea kuona kidoa kimoja au viwili kwa miaka mingi bila mabadiliko hana sababu ya kuogopa. Linalotisha ni upya na wingi. Vilevile, ugonjwa wa kipandauso huweza kuleta miale ya mwanga. Miale hiyo kwa kawaida huonekana kwa macho yote mawili, hujikunja mfano wa meno ya msumeno, hudumu kwa takribani dakika 20 hadi 30 na mara nyingi hufuatwa na maumivu ya kichwa. Anayeiona kwa mara ya kwanza, au mwenye mashaka, akachunguzwe pia.

Kipimo cha nyumbani

Macho mawili hufichiana aibu. Jicho zima huziba pengo la jicho bovu, hivyo mtu huweza kupoteza sehemu kubwa ya uoni wa upande mmoja bila kujua. Wapo wanaogundua tatizo siku wanapofuta vumbi katika jicho zima.

Kipimo ni rahisi na hakina gharama. Mtu asimame mahali penye mwanga, atazame mlango au dirisha, kisha alifunike jicho la kushoto kwa kiganja bila kulibonyeza. Achunguze iwapo anaona pembe zote nne, na iwapo upo upande wenye kivuli. Kisha afanye hivyo kwa jicho la kulia. Kaya yenye mzee, mgonjwa wa kisukari au mtu aliyewahi kuumia jicho inafaa iwe na desturi ya kufanya kipimo hiki mara kwa mara. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya uchunguzi wa hospitali. Mwenye vimulimuli vipya anapaswa kwenda hata kama anaona pembe zote nne.

Walio katika hatari zaidi

Wenye umri wa zaidi ya miaka 50 ndio wengi. Wanafuata wasioona mbali wanaovaa miwani yenye nguvu kubwa, kwa kuwa jicho lao ni refu na retina imevutika ikawa nyembamba. Hao huweza kupata mpasuko wakiwa vijana. Wengine ni waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, waliowahi kubanduka retina katika jicho la pili, na wenye ndugu wa damu aliyepata tatizo hilo. Wagonjwa wa kisukari wako katika hatari ya mishipa kuvuja damu ndani ya jicho na ya retina kuvutwa na makovu. Wanashauriwa kupimwa retina angalau mara moja kwa mwaka hata kama wanaona vizuri.

Kwa Saza lipo kundi jingine lisilopaswa kusahauliwa. Kata hii imo katika ukanda wa dhahabu wa Lupa, ambako uchimbaji umekuwa riziki ya watu kwa vizazi kadhaa. Anayepasua mwamba kwa nyundo na tindo ndani ya duara, au anayelisha mawe kwenye karasha, huweza kurukiwa na kipande cha jiwe wakati wowote. Pigo butu la jiwe, ngumi, mpira, kuni inayopasuliwa au pembe ya ng'ombe hulibonyeza jicho kwa ghafla na kuichana retina. Mara nyingi uvimbe huisha kwa siku chache, na mtu hurudi kazini akidhani amepona, ilhali kubanduka hujitokeza wiki au miezi baadaye. Kwa hiyo kila aliyepigwa jichoni kwa nguvu anapaswa kuchunguzwa retina, na atakayeona vimulimuli baada ya hapo aende siku hiyo hiyo.

Miwani ya kinga isiyovunjika, inayofunika hadi pembeni, ni kifaa cha kazi sawa na kofia ngumu. Miwani ya kawaida ya jua haitoshi, na kioo chake kikivunjika huongeza jeraha.

Hatua za kuchukua

Mgonjwa aanze na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na aseme wazi maneno haya: "Nimeanza kuona vimulimuli na vidoa vipya jicho moja, tangu siku fulani." Siku na saa dalili zilipoanza ni taarifa muhimu kwa daktari, ziandikwe. Akisema tu kwamba macho yanamsumbua, huenda akapewa dawa ya matone na kurudishwa nyumbani.

Mhudumu wa ngazi hiyo hana kifaa cha kuitazama retina yote, na hatarajiwi kuwa nacho. Kazi yake kubwa ni kupima uoni wa kila jicho, kupima shinikizo la damu na sukari, na kuandika rufaa ya dharura bila kuchelewa. Utaratibu wa rufaa nchini hupanda kutoka zahanati hadi kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, ya kanda na hatimaye ya taifa. Ngazi hizo zimewekwa kwa ajili ya magonjwa yanayoweza kusubiri. Katika dharura ya retina, kila kituo ambacho mgonjwa analala bila kuonwa na mtaalamu wa macho ni muda unaopotea.

Kwa mkazi wa Saza, njia ya kawaida ni kupitia Mkwajuni, kisha Galula na Mbalizi hadi jijini Mbeya, yalipo makao ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Aliyeko Tunduma kwa biashara wakati dalili zinapoanza asirudi kwanza nyumbani kuaga. Barabara kuu inayopita Vwawa, iliko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe, ndiyo hiyo hiyo inayofika Mbeya. Ni busara mhudumu anayetoa rufaa apige simu hospitali inayokusudiwa kuuliza iwapo daktari bingwa wa macho yupo na iwapo mashine ya leza inapatikana. Simu ya dakika tano humwepusha mgonjwa na safari ya bure.

Mgonjwa asafiri na mtu wa kumsindikiza. Katika uchunguzi atawekewa matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa hataona vizuri wala kuvumilia jua, hivyo hataweza kuendesha gari au pikipiki. Abebe miwani yake, dawa anazotumia, kadi ya bima kama anayo, na kitambulisho. Kama upo usafiri wa gari, ni bora kuliko bodaboda kwenye njia yenye mashimo. Asibebe mizigo mizito wala asiingie tena duarani hadi aonwe.

Gharama zisiwe sababu ya kubaki nyumbani. Sera ya afya inatoa matibabu bila malipo kwa wazee wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na hospitali za umma zina maofisa ustawi wa jamii wanaowasikiliza wasiomudu. Barua ya utambulisho kutoka kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji husaidia, na huweza kuletwa baadaye na ndugu, mgonjwa asiisubiri.

Yasiyofaa kufanywa

Hakuna tone la dawa, marashi, maziwa, asali, mkojo wala maji ya majani yanayoweza kuufikia mpasuko ulio nyuma ya jicho. Vitu hivyo huishia juu ya jicho, na baadhi huliunguza au kuleta maambukizi, hata upasuaji ukachelewa. Matone yanayouzwa madukani bila cheti cha daktari nayo hayafai. Yale yenye dawa jamii ya steroidi huweza kusababisha presha ya macho yakitumiwa kiholela. Kusugua jicho kunalizidishia mtikisiko. Kununua miwani mipya hakurudishi retina mahali pake.

Wapo pia wanaoviona vimulimuli hivyo kuwa ishara ya mashetani au ya kutupiwa jambo. Imani ya mtu ni yake, na dua haikatazwi. Lakini dua na gari la kwenda Mbeya haviwezi kugombana, vifanyike pamoja.

Aliyechomwa jichoni na kitu chenye ncha asilioshe jicho, asilibonyeze, wala asijaribu kukitoa kilichozama. Jicho lifunikwe kwa kikombe safi cha plastiki kisichogusa mboni, kifungwe kwa plasta, na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Tiba

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, retina iliyobanduka ilihesabiwa kuwa jicho lililokufa. Daktari Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi, ndiye aliyeonyesha, katika miaka ya 1920, kwamba chanzo cha kubanduka ni mpasuko, na kwamba mpasuko ukizibwa retina huweza kurudi mahali pake. Tiba zote za leo zimejengwa juu ya ugunduzi huo.

Mpasuko ambao haujaleta kubanduka huzungushiwa alama za leza, au hugandishwa kwa baridi kali, ili kovu liunganishe retina na ukuta wa jicho. Kazi hiyo huchukua dakika chache kwa ganzi ya matone au sindano. Mpasuko wenye dalili ukiachwa bila tiba, angalau nusu ya wagonjwa huishia kubanduka retina. Ukitibiwa mapema, ni chini ya watu 5 katika kila 100.

Retina iliyokwisha kubanduka huhitaji upasuaji. Daktari huweza kufunga mkanda mdogo kuzunguka jicho, au kuondoa ute na kujaza hewa maalumu au mafuta ya silikoni yanayoikandamiza retina hadi ishike. Upasuaji huu ni wa madaktari waliobobea katika retina, nao hupatikana katika hospitali kubwa kama Muhimbili na CCBRT jijini Dar es Salaam, na KCMC mjini Moshi. Matokeo hutegemea sana iwapo makula, yaani kitovu cha retina kinachotumika kusomea na kutambua nyuso, bado kimeshika. Kikiwa kimeshika, upasuaji hufanywa haraka iwezekanavyo na uoni mzuri huweza kuokolewa. Kikishabanduka, retina huweza kurudishwa, lakini uoni mara nyingi haurudi wote.

Safari ya kurudi nyumbani

Aliyewekewa hewa jichoni lazima ajue jambo linalowagusa hasa watu wa nyanda za juu. Hewa hiyo hutanuka mtu anapopanda mahali pa juu, na presha ya jicho huweza kupanda hadi kuliua. Ndege imekatazwa kabisa. Barabara nayo ina hatari: Dar es Salaam iko karibu na usawa wa bahari, ilhali safari ya kurudi hupanda Kitonga, hupita Iringa na Makambako, na kufika Mbeya, jiji lililo takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mgonjwa amweleze daktari kabla ya upasuaji anakotoka, na asipande basi hadi aruhusiwe. Kwa kutegemea aina ya hewa, ruhusa huweza kuchukua wiki 2 hadi 8. Ukoo upange mapema atakapokaa. Akiwekewa mafuta, huweza kusafiri mapema zaidi, lakini kwa kawaida atarudi kuyatoa.

Mgonjwa pia huweza kuagizwa kuinamisha kichwa au kulala upande mmoja kwa siku kadhaa. Agizo hilo ni sehemu ya tiba, na wanaomuuguza wamsaidie kulitimiza. Hata aliyeambiwa kuwa retina yake ni salama arudi kwa uchunguzi ndani ya wiki chache kama alivyoelekezwa, kwa sababu baadhi ya mipasuko hujitokeza baadaye. Vidoa vikiongezeka au kivuli kikitokea kabla ya tarehe hiyo, asiisubiri tarehe.

Wenyeviti wa vitongoji, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, viongozi wa dini na wasimamizi wa maduara wanaombwa kuufikisha ujumbe huu katika mikutano na maeneo ya kazi. Vimulimuli vipya, vidoa vingi vipya au kivuli katika jicho moja ni dharura, hata kama hapana maumivu. Anayeondoka Saza alfajiri ya siku ya kwanza ana nafasi kubwa ya kurudi akiwa anaona.